Daktari wa Ndani ya Simu



Haya ninayoyaandika ni ya aibu kwangu, na kwa sababu hiyo nimekawia kuyaandika. Mimi ni muuguzi. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikiwahimiza wagonjwa wa kisukari wasiache dawa, wasitembee pekupeku, na wazikague nyayo zao kila jioni kabla ya kulala. Halafu aliyeacha dawa akawa mama yangu mzazi, na mlango alioingilia huyo aliyemshawishi niliuacha wazi mimi mwenyewe.

Mama anaishi Nyakahura, wilaya ya Biharamulo, kando ya barabara kuu wanakopita madereva wa malori yaendayo Rusumo. Mimi niliolewa Ngara. Si mbali sana, lakini mtu mwenye zamu za usiku, watoto, shamba la migomba na kwaya hujikuta anamtembelea mzazi wake mara moja kwa miezi miwili, na pengine mara moja kwa miezi mitatu. Tangu baba afariki, mama anaishi na mjukuu mmoja wa kiume anayesoma sekondari. Kisukari chake kiligundulika mwaka 2019. Akaandikiwa vidonge, akavimeza kwa utii kabisa, akawa anahudhuria kliniki kila mwezi na kadi yake ameifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowe mvua.

Mwaka 2023 nilipata simu mpya, na ile ya zamani nikampelekea mama. Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Nikamwekea WhatsApp ili aone picha za wajukuu, na nikamwachia Facebook yangu ambayo sikuwa naitumia tena, kwa kuwa kwaya yetu huweka nyimbo zake humo. Mama alijifunza kusoma katika madarasa ya watu wazima miaka ya sabini. Husoma polepole, akitamka kila silabi, na neno alilolipata kwa jasho namna hiyo halichukulii kuwa maneno ya hivi hivi tu.

Jambo ambalo sikulifikiria ni hili. Kwa miezi mingi kabla ya kumpa simu ile, nilikuwa nikiitumia kutafuta habari za ugonjwa wake: vyakula vya mwenye kisukari, ganzi ya miguu, macho kuwa na ukungu. Muuguzi naye ni mtoto wa mtu. Usiku nikiwa peke yangu nilitafuta hata lile ambalo nisingethubutu kumwuliza daktari wetu kwa kuona haya, yaani kama kisukari cha ukubwani kinaweza kupona kabisa. Nilijua jibu. Nilitafuta hata hivyo, kama vile mtu anavyorudi kupapasa mfuko anaojua hauna kitu.

Simu ikayashika hayo yote. Nami nilipoitoa sikuifuta, kwa uvivu, na kwa sababu picha zangu zilikuwa humo.

Ngoja niwaeleze jinsi mambo haya yanavyokwenda, maana mimi pia nilielezwa baadaye sana. Sisi tuliokua na Radio Tanzania tulizoea kwamba tangazo ni jambo la watu wote. Tangazo la kifo lilisomwa, nchi nzima ikasikia. Tangazo la sabuni likapigwa wimbo wake, na mwenye nyumba ya bati na mwenye nyumba ya nyasi wakausikia ule ule. Vivyo hivyo matangazo ya kanisani baada ya ibada, na yale ya Radio Kwizera, iliyoanzishwa hapa Ngara mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi. Tangazo halikujua wewe ni nani.

Tangazo la simu si hivyo. Mnaujua mnada wa ng'ombe. Dalali anasimama, ng'ombe anaingizwa uwanjani, wanunuzi wanamtazama meno, kwato na mbavu, kisha wanapandishiana bei. Sasa, mtu anapofungua ukurasa kwenye simu, mara nyingi mnada kama huo unafanyika katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na anayeingizwa uwanjani ni yeye msomaji. Wauza matangazo wanaambiwa: huyu yuko Tanzania, ana simu ya aina fulani, juzi alisoma habari za ganzi ya miguu. Anayetoa bei ya juu ndiye anayepewa nafasi ya kumwekea tangazo. Kila simu ina namba yake maalumu kwa shughuli hiyo, na kuna vijifaili vidogo viitwavyo kuki ambavyo tovuti huziacha ndani ya simu ili zikutambue ukirudi. Ndiyo maana ukitazama viatu leo, viatu hivyo vinakufuata wiki nzima.

Baadhi ya matangazo ya kwanza ya kubofya ya namna hii yaliwekwa kwenye intaneti huko Marekani mwezi Oktoba 1994. Nilipoambiwa mwaka huo nilinyamaza kidogo. Mwezi Aprili mwaka huo huo, nikiwa msichana, watu wapatao laki mbili na nusu walivuka Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi, na vilima vya Benaco vikageuka rangi kwa maturubai. Sisi tulikuwa tunatafuta kuni na maji, na wenzetu upande wa pili wa dunia walikuwa wanatengeneza kitu ambacho miaka thelathini baadaye kingefika kitandani kwa mama.

Nirudi kwa mama. Mtu aliyemjia alivaa koti jeupe na kipima mapigo shingoni. Alisema Kiswahili kizuri, kwa sauti ya upole, akamwita "mama yangu". Sijui kama ni daktari kweli, sijui hata kama yupo. Alianza kwa swali: "Je, umechoka kumeza vidonge kila siku?" Nyoka wa kule bustanini naye hakuanza kwa kuamuru, alianza kwa kuuliza. Na ni nani asiyechoka kumeza vidonge kila siku? Kisha akataja ganzi. Akataja miguu kuwaka moto usiku. Akataja macho. Mama akasikiliza mambo yake mwenyewe yakisemwa na mtu asiyemjua, na akaamini kwamba mtu huyo amefunuliwa.

Alikuja kila jioni. Mama akifungua nyimbo za kwaya, yupo. Mjukuu akifungua mambo ya shule, yupo.

Januari 2025 ndipo ilipotujia ile habari nzito. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitishwa wilayani Biharamulo. Mnakumbuka hofu iliyokuwapo. Kabla ugonjwa haujatangazwa kuisha Machi 13 tulikuwa tumewapoteza watu 10, waliothibitishwa na waliodhaniwa kwa pamoja. Watu waliogopa kupeana mikono, waliogopa misiba, na zaidi ya yote waliogopa hospitali. Mama hakwenda kliniki ya Januari. Hakwenda ya Februari. Mimi kazini tulikuwa na maandalizi, mafunzo, kupima watu joto mlangoni, nikirudi nyumbani nimechoka hata kuoga ni shida. Nilimpigia mama, lakini simu zangu zilikuwa za amri: nawa mikono, usiende msibani, kaa nyumbani, haya kwaheri. Sikumwuliza hata mara moja kama vidonge vimebaki vingapi.

Basi yule wa kwenye simu alikuwa na jioni zote, nami nilikuwa na dakika mbili.

Mama aliuza mbuzi. Akamtuma mjukuu alipe shilingi 90,000 kwa simu, na baada ya siku chache makopo mawili yakashushwa kwenye basi la kutoka Kahama. Ndani mlikuwa na unga wa kahawia na karatasi ya maelekezo. Karatasi hiyo ninayo hadi leo. Inasema kwamba mgonjwa aache dawa zote za hospitali kwa siku 30 ili dozi ipate nguvu mwilini.

Katikati ya Machi mjukuu alinipigia. "Shangazi, Bibi analala mchana kutwa. Anakunywa maji ndoo nzima. Na mguu unanuka." Nilipanda basi la asubuhi. Nilimkuta mama ameketi ukutani, midomo imekauka, akanitabasamia kama mtoto aliyeficha jambo. Kipimo changu kilisoma 27, wakati kabla hajala kilitakiwa kisizidi 7. Kati ya kidole kidogo cha mguu na kinachofuata palikuwa na kidonda ambacho yeye hakukisikia, kwa sababu ya ile ganzi, na mjukuu wa kiume haangalii nyayo za bibi yake.

Nikamwuliza, "Mama, nani kakwambia uache dawa?"

"Daktari."

"Daktari yupi?"

"Huyu wa kwenye simu, mwanangu. Ananijua. Hata habari ya ganzi anaijua, na sijamwambia."

Ni mimi niliyemwambia. Nililiandika neno hilo kwa kidole changu, katika simu hiyo hiyo, mwaka mmoja na zaidi kabla ya hapo.

Walimkata vidole viwili. Namshukuru Mungu, mguu ulipona na sukari ilishuka, na madaktari na wauguzi waliomhudumia walifanya kazi kwa moyo. Katika siku za wodini nilipiga ile namba iliyokuwa kwenye makopo. Akapokea binti mwenye sauti tamu, akaniuliza kama nataka dozi ya pili, kuna punguzo. Nikajitambulisha. Simu ikakatika, na nilipojaribu tena haikuita kabisa.

Nisieleweke vibaya. Siwadharau waganga wetu wa tiba asili. Bibi yangu alijua majani, na nchi yetu ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002 yenye baraza la kuwasajili watu hao na dawa zao. Mganga wa kijijini ana nyumba. Dawa yake ikikataa utarudi kwake, utamketia hapo mlangoni, naye atakuona machoni. Hata mwaka 2011, nchi nzima ilipofunga safari kwenda Samunge kule Loliondo kunywa kikombe kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, mtu alilazimika kutafuta nauli, kupanga foleni siku kadhaa, na njiani alikuwa na nafasi ya kuwaza na kubadili nia. Huyu wa simu hana mlango wa kuketi. Anakuja yeye, saa ya udhaifu wako, na saa hiyo anaijua.

Namkumbuka pia yule mama wa Injili ya Marko, aliyetokwa damu miaka kumi na miwili. Alikuwa amemaliza fedha kwa matabibu wengi na hali ikazidi. Nilikuwa nikilisoma fungu hilo kwa haraka ili nifike kwenye muujiza. Sasa nasimama hapo kwenye fedha.

Mama aliporudi nyumbani nilichukua simu ile nikampelekea mtoto wa mdogo wangu, ambaye ni fundi simu hapa Ngara mjini. Aliipekua, akacheka, kisha alipoona uso wangu akaacha kucheka. "Mama mkubwa," akasema, "hii simu ina watu wengi kuliko stendi."

Alichofanya nitakieleza kwa ufupi, maana najua wengine mtataka kufanya hivyo leo hii. Kwanza aliondoa akaunti zangu zote na kuisafisha simu ianze upya kwa jina la mama. Pili aliingia kwenye mipangilio, sehemu ya Google, penye neno matangazo, akaifuta ile namba ya utambulisho. Tatu, kwenye kivinjari, alifuta ruhusa za arifa. Mama alikuwa amebofya "ruhusu" kila alipoulizwa, kwa adabu tu, na kwa hiyo tovuti zilikuwa zinamtumia habari hata simu ikiwa imelala.

La nne ndilo lililonishangaza. Simu za Android kuanzia toleo la 9 zina sehemu ya mtandao iitwayo DNS ya Faragha. Akaandika humo anwani moja, dns.adguard-dns.com, akahifadhi, basi. Akanieleza kwamba simu, kabla haijaleta ukurasa wowote, huuliza kwanza kila kitu cha ukurasa huo kinakaa wapi, kama mgeni anayeuliza njia kijijini. Mwulizwaji wa kawaida humwelekeza kila nyumba. Huyu mpya ana orodha ya nyumba za matangazo, na simu ikiziulizia anaijibu kwamba mtu huyo hayupo. Ukurasa unakuja, tangazo linabaki njiani. Halilipiwi kitu.

Ile Facebook aliiondoa kabisa. Aliniambia ukweli kwamba mlinzi huyo hawezi kuzuia matangazo ya ndani ya Facebook, kwa kuwa yanatoka nyumba ile ile inapotoka picha ya kwaya. Ukimfungia mmoja umewafungia wote. Nyimbo za kwaya sasa mjukuu anampakulia na kumwekea kwenye kadi.

Jambo moja tulilipata bila kulitafuta. Bando la wiki ambalo mama alikuwa akilalamika kwamba linaisha Alhamisi likaanza kufika Jumapili. Matangazo yale, hasa ya video, yalikuwa yanakula fedha yake ili yamwuzie. Nilipomwambia mume wangu, alisema ni sawa na muuza karanga anayekudai nauli ya kuja kwako.

Mwezi Juni niliwafundisha haya akina mama wa kikundi chetu kanisani. Nilidhani itakuwa nusu saa. Tulitoka giza likiingia.

Mama mmoja anayeuza asali alisimama kabla sijamaliza. Huweka picha za ndoo zake kwenye WhatsApp, na wateja wake wa Mwanza wote amewapata humo. "Dada, unataka kutufungia biashara?" Nikamjibu kwamba la, yeye anajulikana jina na nyumba, na anayeona picha zake amezifuata mwenyewe. Hakuridhika sana, na namwelewa. Mstari kati ya kutangaza na kuwinda hauonekani vizuri ukiwa wewe ndiye una ndoo ishirini ndani.

Swali lililonishinda lilitoka kwa mwalimu mstaafu. Aliuliza kama si wizi kusoma gazeti la bure kwenye simu huku umeyafungia matangazo yanayomlipa mwandishi. Wengine walicheka, yeye hakucheka. Nimelibeba swali hilo hadi leo. Magazeti yetu ya Kiswahili yanategemea matangazo, na yakifa tutabaki na uvumi tu. Mimi binafsi, kwenye simu yangu, natumia kivinjari cha Firefox chenye kizuia-matangazo kiitwacho uBlock Origin, ambacho kina kitufe cha kuiruhusu tovuti moja moja. Gazeti ninalolisoma kila siku nimeliruhusu. Linaniletea matangazo ya benki na saruji, nayo hayajawahi kunidhuru. Simu ya mama sikuifanya hivyo. Kama ni dhambi, nimeichukua mimi.

Baada ya sala ya kufunga mmoja alinivuta pembeni. Si dawa, ni mkopo. Tangazo lilimwahidi fedha ndani ya dakika tano bila dhamana. Akabofya, akaruhusu programu isome majina yote kwenye simu yake, na alipochelewa kulipa wakaanza kumtumia ujumbe baba mkwe wake. Nilimwonyesha kwamba Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni. Nikamwambia pia kwamba tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inayompa mtu haki ya kukataa taarifa zake zitumike kumtangazia biashara, na kwamba ipo Tume ya kupokea malalamiko. Hakujua. Na mimi nisingejua kama si vile vidole viwili. Meseji za matapeli, zile za "tuma kwenye namba hii", tulikubaliana kila mmoja azipeleke kwenye namba 15040 badala ya kuzifuta kimya kimya.

Lakini yapo ambayo hakuna programu inayoyazuia. Ndugu akikutumia tangazo lile lile kwenye kundi la ukoo, na maombi juu yake, na neno "imenisaidia sana", linapita. Katika kundi letu la ukoo ilibidi niandike kwa herufi kubwa kwamba atakayemtumia Mama dawa yoyote anipigie mimi kwanza. Shangazi mmoja alinuna miezi miwili.

Sasa nimalizie lile lililonifanya nichukue kalamu.

Wiki tatu baada ya kumrudishia mama simu yake, nilikwenda kumfunga kidonda. Nilimkuta amekaa kwenye jamvi nje, simu mapajani, anaitazama. Nilipomaliza kufunga akaniuliza, kwa sauti ya kawaida tu kama anayeulizia jirani, "Mwanangu, yule daktari amehamia wapi?"

Nikasema, "Mama, si tulikubaliana yule ni mwongo?"

"Najua ni mwongo. Nina vidole vinane, sijui?" Akavuta khanga yake magotini. "Ila alikuwa anakuja. Ikifika saa ile ya taarifa ya habari, alikuwa anakuja na ananiuliza miguu inaendeleaje."

Sikuwa na la kujibu. Nilikusanya pamba na mkasi, nikaenda kumwaga maji nyuma ya nyumba, nikasimama huko muda.

Tangu siku hiyo ninampigia saa mbili usiku. Nikiwa zamu natoka nje kwenye kibaraza dakika kumi, na wenzangu wanajua, wananishikia. Mwanzoni hatukuwa na mengi, maana nilizoea kuamuru. Nikauliza sukari ya asubuhi, akataja. Nikauliza vidonge, akahesabu mbele yangu kwa sauti. Sasa tunafika mbali zaidi. Jana kipimo kilikuwa 8, maharage yamepata wadudu, mbuzi mwingine amezaa mapacha, na yule jirani aliyegombana naye kuhusu mpaka amemletea ndizi. Nilipotaka kuaga akanikatiza.

"Hujaniuliza miguu," akasema.

Nikamwuliza miguu.